Fundi Aliyesikiliza Gitaa Akiwa Barabarani

Fundi hana gitaa. Hajawahi kuwa nalo. Ukimpa la kwako atapiga kordi moja tu, ile ya noti mi, kisha atakurudishia haraka kama mtu aliyepakata mtoto akakojolewa. Lakini kwa miaka mingi hapa Kisangani hakuna solisti wa kanisa, yaani mpiga gitaa wa mbele, aliyethubutu kufungua disto mbele ya waumini kabla Fundi hajaisikiliza. Disto ni ile sauti ya gitaa iliyokwaruzwa makusudi, inayonguruma na kukawia. Ikiwa nzuri, watu wanasimama. Ikiwa mbaya, watu wanatazama darini kuona kama kuna nyuki.

Sifa yake yote ilikaa juu ya masikio mawili. Masikio hayo yakaanza kufa, mtu wa kwanza kujua nikawa mimi, na nikanyamaza. Nalisema mapema, maana siwapendi watu wanaokuchekesha nusu saa halafu wanakutolea msiba mfukoni.

Alizaliwa wapi na mwaka gani, sijui. Ukoo wake naujua vizuri mno, kwa sababu kila anayekaa kwenye benchi la kibanda chake zaidi ya dakika kumi anahadithiwa ukoo. Ni wa zile familia za Kiislamu za zamani za mji huu, wafanyabiashara na mafundi, na hadithi ina mababu wengi wanaofanana majina. Sitairudia. Tuseme tu ni fundi wa redio, kibanda chake kiko kwenye komini, yaani wilaya ya mji, inayoitwa nayo Kisangani, anavaa kofia nyeupe ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikiwa chafu wala ikiwa mpya, na kila mtu anamwita Fundi, hata mke wake.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sekondari. Yeye ananiita Prof, kwa sauti ileile anayotumia kusema kwamba transista imeungua.

Nilimjua kwa sababu ya aibu. Dada yangu anayefanya biashara aliniletea pedali kutoka Kampala, ile mashine ya kidijitali ya kukanyaga kwa mguu, yenye kioo kidogo na sauti tisini na tisa zilizopangwa kiwandani. Nilisoma kitabu chake chote, hata kurasa za Kichina, ambazo nilizisoma picha. Wiki mbili nilikaa nyumbani na écouteurs masikioni, nikachagua sauti namba arobaini na moja, iliyokuwa na neno radi kwenye jina lake. Masikioni mwangu ilikuwa ajabu. Nilijisikia kama wapiga gitaa kumi, na wote wana afya. Jumapili nikachomeka pedali kwenye ampli ya kanisa, nikapiga. Mama mmoja wa kwaya akaziba sikio kwa kitabu cha nyimbo, na kwa vile kitabu kilikuwa kimoja, akaazima cha jirani akaziba la pili. Pasta wetu ni mtu mpole, hawezi kumsema mtu mbele za watu. Aliomba tu, kwa macho yaliyofumbwa, tukombolewe na kila roho ya kelele. Baada ya ibada wazee wakaniambia waziwazi: una wiki mbili, isipotengenezeka gitaa la solo linatoka na kinanda kinabaki.

Mpiga besi ndiye aliyenituma kwa Fundi.

“Papa Fundi,” nikamwambia, “nimekuja na pedali yangu. Ni mbovu.”

“Pedali iko muzima,” akasema, kabla hajaiona. “Wewe ndiyo unataka matengenezo.”

Alikubali kuja, kwa sharti moja. “Mimi siingiake mu kanisa kwa kazi. Nitakaa barabarani.” Nilidhani ni mambo ya dini tu. Ya dini yalikuwemo, ndiyo, lakini ilikuwa pia namna yake ya kufanya kazi, na mpaka leo hajaniambia ni kiasi gani cha hiki na kiasi gani cha kile.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa kanisa letu, alikuwa akikaa mama mmoja muuza lituma. Alizichemsha ndizi pale pale na kuzitwanga kwenye kinu tangu asubuhi, pu, pu, pu, mwendo mmoja kama saa ya ukutani. Fundi aliomba kiti akaketi kando yake. Akanituma ndani, akasema tupige wote, besi, ngoma, kinanda, kwa nguvu ya Jumapili na si kwa nguvu ya mazoezi. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliona kwamba hanitazami hata kidogo. Anatazama mchi. Nilipofungua sauti namba arobaini na moja, mchi ulisimama hewani.

Nikaitwa nje.

“Mama,” Fundi akauliza, “hii ulisikia ni kitu gani?”

Mama alifikiri kwa haki kabisa. “Ni mashini ya kusaga muhogo,” akasema. “Lakini kisu yake ilipinda.”

“Umesikia, Prof. Sauti yako ni takataka.” Aliyasema hayo mbele ya mama, mbele ya wateja wake wawili, na mbele ya mwendesha toleka aliyekuwa amesimamisha baiskeli yake ya abiria ili ale. Mwendesha toleka akanipa pole.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, makanisa yote. Alitafuta mtu wa barabarani anayefanya kazi ya mikono yenye mwendo, mtwangaji, mshonaji, mpasua kuni, akakaa naye. Gitaa likimkatisha mtu yule kazi, sauti ni mbaya. Asipokatika, tunaendelea. Nilimwambia siku moja kwamba hiyo si sayansi. Akaniuliza wanaokuja kanisani ni sayansi au ni watu.

Kosa langu la kwanza alilionyesha bila kuigusa pedali, kidole kikiwa mbali kama mtu anayeonyesha nyoka. “Ndani ya mashini muko bafle ya uongo,” akasema, bafle ikiwa ni lile sanduku la spika. “Waliiweka kwa watu wa écouteurs, kusudi wadanganyike kama wako na bafle kubwa mbele yao. Bon. Wewe uko na bafle ya kweli ya kanisa. Donc sauti yako inatoka mu bafle, inaingia mu bafle ingine. Mutu anavalaka suruali mbili?”

“Hapana, Papa.”

“Zima moja. Ile ya kanisa hauwezi kuzima, pasta atakasirika.”

Nikaizima ya uongo, na nusu ya nyuki wakaondoka palepale. Mimi niliyesoma kitabu chote! Baadaye nilikwenda naye kanisa lingine lisilo na ampli, ambako gitaa linaingia moja kwa moja kwenye meza ya sauti, na huko bafle ya uongo akaiacha. Nikamwuliza mbona. Akasema hawa wako uchi, wacha wavae hata suruali ya uongo.

Kazi yake ilianza kwa kuzima. Ulikuwa ukija na mwangwi, na mtetemo, na sijui nini cha kuifanya sauti izunguke, yeye anazima kimoja kimoja mpaka unabaki na gitaa lako, jembamba na lenye aibu. “Mwangwi ni pazia,” alisema. “Watu wanafungaka pazia wakati nyumba iko chafu.” Halafu ndipo anakuja kwenye disto yenyewe. Anakwambia uipandishe mpaka pale unapopenda. Unapandisha, unafurahi. Anakwambia sasa rudisha nusu. Unarudisha kwa uchungu, unapiga na wenzako, na ajabu, inatosha. Ukibisha anasema disto ni pilipili, ukiisikia kabla ya samaki umeshaharibu samaki. Kuna kijana mmoja wa Mangobo alibisha kwamba yeye anapenda pilipili. Fundi akamwambia basi upike kwako.

Makosa ya sauti aliyapa majina mawili tu. La kwanza tope, yaani ule mngurumo mzito wa chini unaomkanyaga mpiga besi. “Chini ni shamba ya mwenzako, toka.” La pili mchanga. Mchanga ni ule ukwaruzo mkavu wa juu kabisa, chh, chh, unaozifuata noti za pedali za kidijitali hata usipoualika. Tope aliliondoa kama kazi. Mchanga aliuchukia hasa. Alikuwa akiushusha na kuushusha mpaka gitaa, likipigwa peke yake, linasikika kama limefunikwa blanketi, na mwenye gitaa anakaribia kulia. Kisha wenzake wanaingia, ngoma na kinanda na sauti za akina mama, na gitaa linatokea katikati yao kama mtu anayezungumza vizuri. “Gitaa yako haiimbake peke yake,” alisema. “Ukiitengeneza peke yake, unatengeneza upuuzi.”

Alikuwa na mtego mmoja ambao nimeuingia mara nne. Anakupigishia sauti mbili na kuuliza ipi bora. Unachagua ya pili. Anakwambia ya pili ni ileile ya kwanza, ameiongeza nguvu tu. “Ulichagua nguvu, Prof. Haukuchagua sauti.” Ndiyo maana kabla ya kulinganisha chochote alizisawazisha kwanza sauti zote ziwe na ukubwa mmoja. Mwalimu wa hesabu kunaswa mara nne kwa mtego mmoja si jambo la kuwaambia wanafunzi, na sijawaambia.

Sasa, msidhani alipenda muziki. Hakuupenda. Redio zake zote zilisema habari, na wimbo ulipoanza alizungusha kitufe kutafuta habari nyingine. Kuimba, kwake, ni pale mtu anapoishiwa maneno. Disto ndiyo kabisa. Alisema kuharibu sauti nzuri makusudi ni kazi ya watu wenye umeme mwingi, na sisi umeme wetu unakuja unapotaka. Lakini mtu huyu huyu alikuwa akivuka mji kwa miguu kwenye mvua, kofia ndani ya mfuko wa nailoni, kwenda kusikiliza gitaa la watu asiowajua, wa dini isiyo yake. Nilimwuliza kwa nini. Akasema kitu kibaya kinamwasha, na akikijua kipo hawezi kulala.

Hakuwahi kusema sauti ni nzuri. Sifa yake ya juu kabisa ilikuwa “haisumbui.” Nimewaona watu wazima wakikumbatiana kwa neno hilo.

Na ulimi wake haukuwa na breki. Siku ya arusi ya shemeji yake, shemeji alikuwa akimwimbia bibi arusi, watu wakalalamikia mikrofoni, Fundi akaitwa. Akaishika, akaigeuza, akaipuliza, akasema mikrofoni haina kosa. Hawakusemezana mwaka mzima. Mke wake alimwomba akatake radhi, akaenda, akamwambia shemeji kwamba anasikitika sana lakini mikrofoni kweli haikuwa na kosa. Nakumbuka nilicheka nilipohadithiwa. Sikujiuliza ni nani atakayekuwa na ulimi kama huo siku Fundi mwenyewe atakapouhitaji.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake, nasubiri anilehemie kebo ya gitaa. Ukutani palikuwa na chaja ya simu, ya bei nafuu, inapiga filimbi nyembamba ya kuingia mpaka kwenye meno. Nilivumilia, nikashindwa.

“Papa Fundi, hii chaja haikusumbui?”

“Inisumbue nini?”

“Inapiga filimbi.”

Akaitazama. Akaweka sikio karibu nayo, huku amenitazama mimi. “Iko nachaji muzuri,” akasema, akarudi kwenye kebo.

Mtu huyu alikuwa akisikia waya ulioachia ndani ya redio ya jirani, ukuta ukiwa katikati.

Wiki ile ile alikuja kutusikiliza, tulikuwa na wimbo mpya. Mama wa lituma alikuwa amehama, kaenda kukaa na binti yake Ubundu, na mahali pake hapakuwa na mtu wa kumtazama. Fundi aliketi peke yake ng'ambo ya barabara, akanipa ishara ya mkono: pandisha zile sauti za juu. Nikapandisha. Pandisha tena. Mchanga ukamwagika kanisa zima, mpiga besi akanitolea macho. Fundi akatikisa kichwa kwamba haisumbui, akapanda toleka akaenda zake. Baiskeli ilipokata kona nikainama nikaurudisha mchanga chini mahali pake.

Ikawa hivyo kwa miaka mitatu. Anakuja, anaharibu, naitikia kwa mkono, anaondoka, natengeneza. Kanisa letu likaendelea kusifiwa na sifa zikaendelea kumfikia yeye. Nililiita jambo hilo heshima. Mzee hatiwi aibu, nilijisemea, tena mzee aliyekuokoa. Ilikuwa woga, na sehemu nyingine ilikuwa raha, maana kuna raha ya siri katika kumrekebisha mtu aliyekuita takataka mbele ya mwendesha toleka. Mficha maradhi kifo humuumbua, sote tunalijua hilo. Hakuna aliyenifundisha inakuwaje unapoficha maradhi ya mwenzako.

Na hesabu rahisi nilikataa kuipiga: sisi tulikuwa na mimi wa kurudisha vitufe. Waliokwenda kibandani kwake wakitoka mbali hawakuwa na mtu. Waliubeba mchanga wakaenda nao nyumbani, wakiamini ni dawa.

Mwezi wa sita mwaka huu nilitumwa Yanonge kusimamia mitihani. Nilishuka mto kwa baleinière, mashua ya mbao yenye mota, nimebanwa kati ya magunia ya chumvi na jogoo aliyenichukia. Jumapili nikaenda kusali. Kwenye ukuta wa kanisa gitaa la umeme lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, na aliyekuwa mpigaji wake, muuguzi wa kituo cha afya, mama wa miaka thelathini na kitu, alikuwa amekaa na waimbaji, mikono mapajani. Baada ya ibada nikamwuliza kama gitaa limeharibika.

“Gitaa iko muzima, Prof. Ni mie.” Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kulia nyumbani. “Nilijifunza miaka ine, kila siku nikitoka kazini. Nilipoanza disto watu walilalamika, ati inawaumiza kichwa. Nikapanda mpaka Kisangani, nikamuona Papa Fundi yeye mwenyewe. Akatengeneza, akasema haisumbui. Nikarudi, watu wakalalamika zaidi. Donc, sauti iko muzuri, Papa Fundi alisema. Kama inasumbua, ni vidole yangu. Mwezi wa nane nitaipa kaka yangu, anaenda nayo Kinshasa.”

Akanionyesha pedali. Nikaichomeka, nikagusa uzi mmoja. Mchanga mtupu. Kitufe kilikuwa hapa, kidole changu kilikuwa hapa, hata shubiri moja haikuwepo katikati. Lakini ningekigeuza angeuliza kwa nini, na ningelazimika kusema Fundi alikosea, na neno lingepanda mto kabla yangu. Yule mama alikuwa akinitazama kama wanavyomtazama yeye wagonjwa wake, wakisubiri aseme.

“Endelea na mazoezi, Mama,” nikasema.

Ulimi huu huu. Safari nzima ya kurudi nilipewa samaki na kwanga ya muhogo, sikula. Nilijichukia.

Niliporudi Kisangani nilikaa siku tisa. Ya kumi, mchana, niliingia kibandani, nikakuta amefungua redio kubwa ya mbao na kuipekua tumbo. Sikusalimu vizuri.

“Papa Fundi, masikio yako hayasikii sauti za juu.”

Aliendelea kulehemu. Moshi ukapanda, akaupuliza. Alimaliza kiungo kile, akaanza kingine, akakimaliza nacho.

“Uko na ile kitu ya filimbi mu telefone,” akasema. “Ile unafundishia.”

Ninayo kweli, inatoa mlio wa kipimo chochote unachotaka. Huwafundishia wanafunzi mawimbi ninaposhika nafasi ya mwenzangu wa fizikia. Fundi akazima redio zote, moja baada ya nyingine, akaketi wima, akainua kidole cha shahada. “Penye sitasikia tena, nitashusha. Usiniambie namba.”

Nikaanza na mitetemo elfu moja kwa sekunde. Elfu mbili. Elfu tatu, kidole kiko juu. Elfu tatu na mia tano, kikalegea kidogo. Kabla ya elfu nne kikashuka mezani. Filimbi haikukoma, mwanamke aliyekuwa akipita na beseni la samaki akageuka kututazama, na Fundi alikuwa bado amekaa wima, akisubiri nimwambie kama nimeshaizima.

“Rudia.”

Nikarudia. Kikashuka palepale.

“Rudia.”

Mara ya tatu alifumba macho. Kikashuka palepale.

Akaigeuza simu, akasoma kioo. “Elfu ine,” akasema. “Mchanga inaanzaka wapi?”

“Elfu tano hivi, Papa, kwenda juu.”

“Basi siko nausikia hata kidogo.” Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. “Tangu lini unajua?”

“Miaka mitatu.”

“Miaka tatu.” Alilipima neno hilo. “Prof. Siku ya kwanza nilikuambia sauti yako ni takataka. Mbele ya watu. Ulikufa?”

“Hapana, Papa.”

“Alors, kwa nini ulifikiri mimi nitakufa?”

Nikamwambia habari ya Yanonge, yote, pamoja na yale maneno yangu ya mazoezi. Alisikiliza akinitazama midomo, na ndipo nilipotambua kwamba amekuwa akiitazama midomo ya watu kwa muda mrefu. Nilipomaliza, alirudisha mgongo wa ile redio, akafunga skrubu zake zote nne taratibu, akamwambia jirani amwangalizie kibanda.

“Baleinière inatoka saa ngapi?”

“Kesho asubuhi, Papa.”

“Bon.”

Njiani hakunihadithia ukoo wake. Hapo nikajua amekasirika kweli.

Tulimkuta muuguzi ametoka kuchanja watoto, bado ana koti jeupe. Akatukaribisha uani kwake, akaleta viti vitatu, akataka kuleta na chakula, Fundi akakataa. Akamwomba alete gitaa. Alileta gitaa, pedali, ampli ndogo na betri anayoichaji kwa jua, akaviunganisha bila kuuliza. Fundi hakuketi.

“Mama,” akasema, “vidole yako iko muzima. Sauti nilikupa ndiyo ilikuwa mubaya. Sikio yangu ilikufa, na sikujua.”

“Papa, usiseme vile.”

“Nasema vile iko. Mie nilikudanganya bila kujua.” Akanyoosha kidevu upande wangu. “Huyu alikuja hapa mwezi wa sita. Yeye alikudanganya akijua.”

Muuguzi akanitazama. Mimi nikaangalia pedali, maana ilikuwa na kazi ya kufanywa. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikashusha mchanga, nikaondoa tope kidogo, nikarudisha disto nusu. Ampli yake ilikuwa ya kweli, na Fundi hakuwa ameiona kule Kisangani, nikaizima bafle ya uongo. Kazi yote haikuchukua dakika mbili. Nikasimama nikajifuta magoti.

Akapiga noti moja. Akaiacha ikawie mpaka ikaisha yenyewe, kisha akaitazama mikono yake, wa kushoto halafu wa kulia.

“Siku ile ulisikia?” akaniuliza.

“Nilisikia, Mama.”

“Na ulisema niendelee na mazoezi.”

“Ndiyo.”

Hakunitukana. Aliinua kiti chake, akakigeuza, akanipa mgongo. Akaketi uso kwa uso na Fundi, ambaye sehemu ya juu ya sauti ile hataisikia tena, akaanza kumpigia yeye.